Kalenda ya Duka la Mbegu

Ukuta wetu ni mmoja, mimi na Endel Raudsik,
wa matofali membamba.
Upande wangu nimetundika kalenda ya duka la mbegu,
upande wake kuna kitanda.
Hivyo kikohozi chake nakisikia mimi kwanza,
kabla hajauziba mdomo kwa shuka.

Si kile chenye makohozi, kinachotoka na kitu.
Ni kikavu, kama mtu anayekwangua masizi
ndani ya bomba la jiko.
Saa tisa usiku, Tartu nzima imelala chini ya theluji,
naye: kho, kho. Kimya. Kho.
Nami naamka, nachukua penseli,
natia kijistari kwenye tarehe.
Si kwa wema. Nilitaka ushahidi
wa kumpelekea mwenye nyumba.

Dawa zilipanda ngazi.
Leida wa ghorofa ya tatu alileta figili nyeusi,
ameichimba shimo, shimo amelijaza asali.
Fundi bomba aliapa kwa mafuta ya bata bukini:
yapakwe kifuani, juu yake gazeti, juu ya gazeti sweta.
Binti yake alituma kutoka Tampere
sharubati ya machipukizi ya msonobari.
Wakamhamisha paka. Wakafua mapazia.
Wakalaumu kuni mbichi, wakalaumu kuvu ya bafuni,
wakalaumu tumbaku aliyoiacha mwaka wa themanini na sita.
Picha ya kifua ikarudi safi kama sahani iliyooshwa.
Nikikutana naye kwenye ngazi husema,
"Ni baridi tu, Maimu,"
machozi yamemlenga, ameshika mbavu
kama mtu aliyeficha mayai ndani ya koti.

Februari nilimsindikiza zahanati,
kwa kuwa barafu ilikuwa mbaya na fimbo yake haina msumari.
Daktari alikuwa kijana, Kersti Paju, kucha amezitafuna.
"Tangu lini?"
"Tangu baridi ianze," akajibu Endel.
"La," nikasema mimi, uso ukaniwaka.
Nikatoa mkobani kurasa, Oktoba mpaka Januari,
zimejaa vijistari kama uzio uliolala upande.
Cha kwanza: Oktoba, tarehe kumi na moja.
Jiko lilikuwa bado halijawashwa.
Matufaha yalikuwa bado mtini.

Daktari hakuitazama tena picha.
Aliomba orodha ya vidonge.
Kidole kikashuka, kikasimama:
cha presha, kipya, mwisho wa Septemba.
"Kinaulinda moyo," akasema,
"ila kwa baadhi ya watu, koo ndilo hulipa."
Akaandika kingine. Akasema tusubiri,
huenda wiki, huenda miezi.

Ndani ya basi hakunisemesha vituo vitatu.
Kisha: "Kumbe ulikuwa unanihesabu."
"Nilikuwa nakushtaki."
Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kile kile,
dereva akatutazama kwenye kioo.

Vijistari vikapungua. Kumi na vinne. Tisa.
Siku moja viwili, kesho yake kumi na moja, nikakata tamaa,
kisha vitatu.
Figili ilinyauka dirishani kwake, hakuna wa kuitupa.

Usiku wa tarehe ishirini na tisa Machi
niliamka saa tisa, penseli mkononi.
Hakuna.
Nikasikia friji. Nikasikia paa likidondosha barafu yake.
Nikaweka sikio ukutani, kwenye karatasi ya maua,
baridi ikaniingia mpaka taya.
Hakuna.
Nikaiona fimbo yake sakafuni, nikaona na mengine.
Kikohozi hakifichiki, hilo kila mtu analijua.
Kimya ndicho kinachoficha.
Nikagonga mara mbili, kwa kifundo cha kidole.

Muda.
Springi za kitanda zikalia.
Halafu, upande wa pili, ngo, ngo,
na sauti ya mtu aliyetolewa usingizi mzito:
"Nimelala, Maimu. Andika hivyo."